Mzee wa Kwenye Santuri

Wakati wa matanga ya Mama Hadija, mwaka huu huu, wanawake walivuka daraja kutoka Bukavu kuja kutupa pole. Mmoja wao, mzee kama mimi, fimbo mkononi, alinifuata mpaka pale nilipokaa na wanaume, akaniinamia sikioni. Nilidhani ananipa pole. Akasema, "Rajabu, ule muzee wenu bado iko muzima?" Jirani yangu akadakia kwa heshima: "Mzee gani, Maman? Hapa wazee wamekwisha, tumebaki sisi hawa." Yule mama akacheka kicheko kisichofaa msibani, akaziba mdomo kwa mtandio, na kwa kicheko hicho nikamjua. Sakina. Uso ulishabadilika, kiuno kilishabadilika, kicheko ni kile kile cha kupasua bakuli. Na mzee aliyekuwa anamuulizia hakuwa mtu. Ilikuwa sauti kwenye santuri, na santuri ile ilipigwa na mashine niliyoitafuta mimi kwa jasho langu, na mwaka ule mashine hiyo ilibakiza kidogo tu kunikosesha mke.

Sitawachosha na nilizaliwa wapi na nani, wanaojua wameshazikwa. Mwaka ninaousema nilikuwa kijana, fundi cherehani kwenye baraza moja hapa Kamembe, chini kidogo ya msikiti, na shule niliishia pale mwalimu alipoanza kugawanya. Kujumlisha niliweza. Baraza letu lilipakana na ua wa Mama Hadija kwa ukuta wa matofali ya udongo, na ukuta ulikuwa na ufa. Kwa ufa ule nilijua kila kilichopikwa na kila kilichosemwa. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakitiwa kwenye mafuta, mimi nilijua kabla ya paka. Mama Hadija alikuwa mjane, anauza vitenge, tena mkubwa wa kikundi cha wanawake wa kucheza harusini, Sitara. Alikuwa na mabinti wawili. Hadija, mkubwa, alikuwa ameposwa Bukavu. Mdogo ni Zaina. Zaina akipita na ndoo mbele ya cherehani yangu, nilikuwa nashona mkono wa shati kwenye kola. Mimi leo nacheka, lakini mwenye shati hakucheka.

Lazima nieleze jambo moja, maana vijana wa siku hizi wanaleta didjei na wanadhani harusi ndiyo hiyo. Zamani wanawake wa upande wa bibi harusi walicheza wimbo wao mbele ya wanawake wa upande wa bwana harusi, na wale wakajibu na wa kwao. Wimbo unachaguliwa, unafundishwa miezi na miezi, kitenge kinashonwa cha aina moja. Upande wa bibi harusi ukichekwa, yeye anahama na kile kicheko. Akizidisha chumvi kule ukweni, watamkumbusha. Mtoto wake akichelewa kutembea, watamkumbusha. Kwa hiyo siku ile nilipomsikia Mama Hadija akinung'unika upande wa pili wa ukuta, sauti haikuwa ya mzaha. "Bale batu ba Bukavu bako na turnedisiki, bako na santuri za kila rangi," alisema. "Siye tutacheza na nini? Na debe? Mutoto wangu ataingia mule nyumba na debe?" Turnedisiki ni ile mashine ya kuzungusha santuri; hapa kwetu waliokuwa nayo walikuwa Wazungu na wenye baa. Sijui nilishikwa na nini. Niliweka mdomo kwenye ufa, nikasema, "Mama, mimi nitaleta turnedisiki."

Nikasikia, "Nani anaongea mu ukuta?" na Zaina akiangua kicheko mpaka sufuria ikaanguka.

Mama Hadija aliniita. Nilikaa kwenye kiti cha sebuleni kwake, kile chenye kitambaa cha kufuma, miguu imebana kama mwali. Aliniletea chai ya tangawizi, hakuniletea andazi, na hapo nikajua mambo ni mazito. "Rajabu," akasema, "ukiileta ile mashine, ikaimba, batoto bangu bakacheza muzuri, njoo tuongee ile kitu unawazaka ukimuangalia Zaina. Weye unazani sina macho? Lakini ukinitia haya mbele ya bale batu, usikanyage tena hapa kwangu. Na ule ufa nitauziba na simenti." Kisha akanyanyua kikombe changu, na chai sikuwa nimeimaliza.

Mashine niliipata upande wa Muganza. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, mtu wa kufundisha Biblia, aliyefunga nyumba na kurudi kwao, na vitu vyake akamwachia mpishi wake, Papa Simoni. Nilikwenda kwa baiskeli. Kule kuna vumbi la kiwanda cha simenti, magari makubwa yanapita, ukifika umekuwa mweupe kuliko mwenye nyumba. Papa Simoni alinitolea mashine chini ya gunia la mpunga. Mfuniko umepasuka, ndani kuna kiota cha panya, mkono wa sindano unalegea kama mkono wa mlevi. Pamoja nayo kulikuwa na sanduku la chuma, zito, transfo, la kupunguza nguvu ya umeme. "Bila hii, inaungua," akaniambia. "Mzungu alikuwa anairudilia kila siku: Simoni, umeme ya kwenu si ya kwetu." Nilisikia maneno yale, yakapita. Ningeyashika, hadithi hii isingekuwepo. Papa Simoni alizunguka baiskeli yangu, akabonyeza kengele, akabonyeza tena. "Ile kengele inaendana na baiskeli?" Nikasema inaendana, nikamwachia vyote viwili. Nikarudi Kamembe juu ya lori la simenti, turnedisiki mapajani, nimeikumbatia kwenye kila shimo la barabara, na dereva akawa ananiita mama mzazi.

Kuitengeneza nilitumia kile nilichokijua, na nilichokijua ni cherehani. Nilifungua, nikatoa panya na wanawe, nikasugua kila chuma kwa mafuta ya taa, nikatia yale mafuta mepesi tunayotia kwenye mashine za kushonea. Mle ndani kuna mota ndogo, na juu ya mota kuna kichwa kidogo kama kigurudumu cha kuchezea, na kutoka kwenye kile kichwa mkanda unakwenda kuzungusha sahani kubwa. Mkanda ulikuwa umeoza, ukishika unakuwa unga. Nilikata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, mpira uliotoboka niliokuwa nimeubakiza nyumbani. Ndio uliobaki wa baiskeli yangu. Uzito wa nyuma ya mkono wa sindano ulikuwa umepotea. Nikafunga pale bobini za cherehani, vile vigurudumu vya kuviringishia uzi, naongeza na kupunguza, mpaka mkono ukashuka polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Sauti tuliitoa kwenye redio kubwa ya mbao ya Mama Hadija, iliyokuwa na matundu ya waya nyuma. Ndiyo maana mashine ilikaa sebuleni kwake, nami nikawa na sababu ya kuingia kila alasiri. Sisemi nilipanga. Sisemi sikupanga.

Santuri yenyewe Mama Hadija aliinunua kwa mchuuzi aliyetoka Bujumbura. Karatasi ya katikati ilikuwa imechubuka, jina halisomeki. Tuliiweka. Wanawake wa Sitara walijaa mlangoni, wengine dirishani. Ikakwaruza, ikakwaruza, halafu ikatoka sauti ya mwanamume mzima, nzito, ya pole pole, inayoburuta maneno kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na ngoma nyuma yake zinamngoja. Mama Hadija alikaa chini. "Huyu muzee," akasema, "ameona mambo." Tangu siku hiyo akawa Mzee. Wanawake walimzungumza kama jirani. Walibishana kama amefiwa na mke au mke amemkimbia. Mmoja alisema kwa sauti ile lazima awe na kitambi. Na kwa mwendo wake Mama Hadija alitunga uchezaji: mguu unavutwa, unangoja, bega linashuka, shingo inageuka mwisho kabisa, wakati umeshadhani haitageuka. Zaina alikuwa wa mbele. Sitaeleza. Kuna vitu mzee hapaswi kuvieleza. Ila nitasema kwamba mshono wangu uliharibika zaidi.

Miezi ilikwenda hivyo. Halafu, harusi imebakiza siku za kuhesabu kwa vidole, watu wa Bukavu walileta mahari, na kati yao alikuwa binamu wa bwana harusi, msichana wa mdomo, Sakina. Wanaume walipokuwa wanakula pilau nje, yeye alisikia Sitara wanafanya mazoezi ndani, akaingia bila hodi. Mimi nilikuwa kando ya mashine. Akasikiliza. Akakunja uso. Kisha akapasua kile kicheko.

"Ayi, mama! Hii santuri iko na malaria?"

Wachezaji wakasimama. Mama Hadija akasema polepole, "Unasema nini, mwanangu?"

"Siye tuko na hii santuri nyumbani! Kila siku tunaipiga! Huyu si mwanaume, Mama. Ni mwanamuke! Tena anaimba mbio, hivi," akaanza kuimba, sauti nyembamba ya haraka, anapiga vidole, anatikisa kiuno. Ulikuwa wimbo wetu, neno kwa neno, lakini kama mtoto amevaa nguo za babu yake. "Mulimufanya nini, maskini? Mulimunyima chakula?" Akatoka mbio kwenda kuwasimulia wenzake. Tulisikia nje wanawake wa Bukavu wakicheka, na kucheka tena.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Mama Hadija hakunifokea, afadhali angefoka. Aliniangalia tu, kisha akaangalia ukutani, upande ule wenye ufa.

Sikulala vizuri, nilikula bila kujua nakula nini. Kwa nini mashine inachelewa? Miaka mingi baadaye fundi wa umeme alinieleza kwamba umeme wa Amerika unapiga haraka kuliko wetu, na mota ya kwao ikija huku inazunguka kwa uvivu, transfo au hakuna transfo. Wakati ule sikujua. Nilijua kitu kimoja, na kila fundi cherehani anakijua: bobini tupu inavuta uzi kidogo, bobini iliyojaa inavuta mwingi. Nikasema, basi kile kichwa cha mota ni bobini tupu. Nikijaze. Nikachukua uzi mweusi wa kushonea makoti, nikaupaka nta ya mshumaa, nikaanza kuuviringisha juu ya kile kichwa, mzunguko kando ya mzunguko, tabaka juu ya tabaka, bila kigongo, maana kigongo kimoja tu na sauti inayumba. Lakini nitajuaje umetosha? Anayejua mwendo wa kweli ni Sakina peke yake. Nikamwomba. Alikuwa amebaki kwa shangazi yake hapa Kamembe kungoja harusi. Akaja, akasimama juu yangu, anaimba, mimi nazungusha uzi, najaribu, naongeza, anaimba tena. Zaina alikaa mlangoni anachambua mchele, na mchele ule ulichambuliwa mpaka ukakonda.

"Karibu," anasema Sakina. "Ongeza. Ongeza, Papa, usiogope."

"Anamuita Papa," Zaina akauambia mchele.

Na kweli, tabaka la mwisho nililoweka, Mzee alitoweka. Alitoka mwanamke, kijana, mchangamfu, sauti kama kengele ya ile baiskeli yangu. Sakina akapiga makofi. Nilijiona mshindi. Nikaita Sitara wote waje wacheze na mwendo wa haki.

Ilikuwa kama kuona watu wanakimbia mvua. Mguu haujavutwa, ngoma imeshapita. Bega linashuka, wimbo umeshageuka. Walikanyagana. Msichana mmoja mdogo akakaa chini akalia, akasema mwili wake hausikii. Wakajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, na muda wa kufundisha upya haukuwepo. Mama Hadija alisimama katikati yao, mikono kiunoni. Sasa angalieni nilivyokaa: nikiacha uzi, watachekwa kwa miguu. Nikiutoa, watachekwa kwa sauti. Na njia zote mbili zinaishia kwangu. Nilimuuliza, "Mama, nifanye nini?" Akasema, "Weye ni fundi. Shona." Akaingia chumbani akafunga.

Siku ya harusi ilifika hajaniambia neno. Ua ulijaa. Turubai juu, mikeka chini, harufu ya pilau na udi, watoto wanafukuzwa kwenye vyungu. Watu wa Bukavu walikaa upande mmoja wamevaa kitenge cha kijani, mbele yao mama wa bwana harusi, Maman Feza, mwanamke mkubwa, mtulivu, ambaye hakuna aliyethubutu kukaa kabla yake. Sakina alikuwa nyuma yake, ananong'ona, na ule mnong'ono ulikuwa unatembea kutoka sikio hadi sikio nauona kwa macho. Hadija, bibi harusi, ameinamisha kichwa, lakini vidole vyake vilikuwa vinapindapinda ncha ya shela. Mimi nimekaa na mashine pembeni, redio nimeitoa nje kwa waya mrefu. Uzi uko kwenye mota. Sitara wamepanga mstari. Nyuso zao zilikuwa nyuso za watu wanaongoja sindano ya hospitali. Zaina aliniangalia mara moja tu, hakucheka.

Mama Hadija akatoka kwenye mstari. Alikuja taratibu mbele ya wote, akainama kama anayerekebisha waya, manukato yake yakanijaa puani.

"Toa uzi."

"Mama, watacheka. Wanajua ni mwanamke."

"Ule mwanamuke mimi simujui," akasema. "Batoto bangu nimebafundisha na Muzee. Toa uzi, Rajabu."

Nikainua sahani. Wembe niliokuwa nao ni wa kukatia vifungo, na ile nta ilikuwa imeganda kama mfupa. Nikikwaruza kichwa cha mota, mkanda utaruka, hakuna wimbo kabisa. Nilikata kidogo, nikavuta, uzi ukakatika. Nikakata tena. Nyuma yangu manong'ono yakawa maneno. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu fundi anashona suruali pale?" wakacheka wanaume. Jasho liliniingia machoni, na kujifuta sikuweza. Nilikuwa nahisi kwa ukucha, tabaka, tabaka, mpaka nikagusa chuma. Nikarudisha mkanda, nikarudisha sahani. Mkono wa sindano ulishuka.

Mzee akaanza kuimba.

Kicheko kilitoka pale pale, kutoka nyuma ya Maman Feza, na Sakina akasema ili kila mtu asikie, "Si niliwaambia!" Kikaenea. Kitenge cha kijani chote kilitikisika. Nilimwona Hadija akifunga macho. Nami nikafunga, nikafungua, kwa sababu Sitara walikuwa hawajasogea. Mama Hadija aliwazuia kwa kiganja, akawaacha wenye kucheka wacheke. Halafu akavuta mguu. Ukangoja. Bega. Mstari wote ukashuka naye kama kitambaa kimoja, na Zaina mbele, shingo yake ikageuka wakati watu walishadhani haitageuka. Wale wa Bukavu walianza kupiga makofi ya dhihaka, ya wimbo wanaoujua wao, na makofi yakaanguka mapema, mahali pasipo na kitu. Wakajaribu tena, yakaanguka tena. Wakaanza kuangaliana. Kicheko hakiwezi kuendelea kama mikono haijui pa kutua. Kikapungua, kikabaki cha Sakina peke yake, kisha na chake kikafa. Ikabaki sauti ya Mzee na miguu inayoburuta kwenye mkeka.

Maman Feza akanyanyuka. Nilidhani anaondoka. Akajifunga khanga kiunoni, akaingia mwisho wa mstari, nyuma ya yule msichana mdogo aliyelia, akaanza kujifunza. Alikosea, akangoja, akakosea, akapata. Wimbo ulipokwisha hakurudi kukaa. Alimuuliza Mama Hadija, watu wote wanasikia, "Huyu muzee ni wa wapi? Kwetu kule hatuna yeye."

"Ni wa hapa kwetu Kamembe," akajibu Mama Hadija.

"Basi anipigie tena."

Tulipiga mpaka mpira wa baiskeli ukapata moto. Jioni, nikiwa nakunja waya, Mama Hadija alipita na sinia, akaniwekea andazi moja mkononi. "Mutume mujomba wako aje tuongee," akasema, na kabla sijajibu alishakuwa jikoni anagombeza watu wa vyungu.

Ufa hakuuziba. Uzi niliurudisha baadaye, maana mashine ile tuliikodisha kwenye harusi nyingi, na watu walitaka nyimbo zao kwa mwendo wao. Kisha ikaja mikanda ya kaseti, ikaja na hizi simu, nayo ikaingia chini ya kitanda.

Matanga yalipokwisha, Sakina hakurudi Bukavu mara moja. Alikaa kwetu, kwenye mkeka wa sebuleni, anadai habari za Mzee wake. Nikaivuta mashine. Mkanda ulikuwa umekuwa unga, kama ule wa kwanza. Vijana wa moto, hizi pikipiki za abiria, pale kituoni wakanipa mpira uliotoboka, nikakata. Nikatia mafuta. Redio ni nyingine, ya mjukuu. Santuri ina mikwaruzo kama uso wangu. Nikaweka sindano, na akatoka yule mwanamke, kijana, mchangamfu, wala hajazeeka. Sakina akapiga vidole. "Njo huyo wetu," akasema, lakini hakucheka, na alikuwa ananiangalia mimi.

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Mke wangu alikuwa hajatia mguu sebuleni tangu tumzike mama yake, chakula alikuwa anatupitishia mlangoni.

"Rajabu," akasema Zaina. "Toa uzi."

Nikatafuta wembe. Nikainua sahani, lakini macho yangu hayaoni tena uzi mwembamba. Akaja, akafuta mikono kwenye khanga, akakaa chini kando yangu kwa shida ya magoti. Akawasha taa ya simu, akaishika juu ya mota, nami nikaanza kukata.